Mtoto katolewa nyama za puani? Angalia anavyomeza
Wazazi wenzangu, mkisharudi nyumbani msihangaike sana na harufu ya mdomo, hiyo ipo na inaweza kukaa hata wiki 2, ni kidonda kinapona kule nyuma ya pua sio kwamba mtoto hapigi mswaki. Kukoroma nako kunaweza kuendelea siku kadhaa maana bado kuna uvimbe.

Cha kukodolea macho ni damu, na hii damu ina ujanja wake, si lazima itoke puani, inaweza kushuka kooni mtoto akawa anaimeza tu kimya kimya. Kwa hiyo usiku akilala mwangalie koo, ukiona anameza meza mfululizo na hajanywa kitu, mwamshe umulike mdomoni na tochi, ukikuta damu mbichi au akitapika damu ni hospitali muda huo huo, msisubiri kukuche.

Parasetamo mpe kwa dozi na saa alizoandika daktari, usingoje mpaka alie, kwa sababu akiumwa hataki kunywa, asipokunywa koo linakauka na maumivu yanazidi hapo hapo. Aspirini usimpe kabisa. Maji kidogo kidogo ila mara nyingi.

Kupenga pua kwa nguvu aache kama wiki hivi, mfute tu, na chafya apige mdomo wazi. Akilalamika sikio wala msishtuke sana, maumivu ya huko nyuma huwa yanasikika mpaka masikioni.