Marando ya viazi vitamu: yalaze kivulini kwanza

Ukikata marando ya viazi vitamu, usikimbilie kuyapanda siku hiyo hiyo. Kata ncha za urefu wa sentimita 30 hivi, ng'oa majani ya chini ubakize machache ya juu, yafunge kitita, yazungushie gunia au kitambaa chenye unyevu, kisha yalaze kivulini siku 1 au 2. Ukifungua utaona kwenye vifundo, pale majani yanapochipukia, vimetokeza vidoa vyeupe kama punje za chumvi: hivyo ndivyo vizizi. Rando la namna hiyo likiingia ardhini linashika upesi, na kwa kuwa majani yamepungua, halipotezi maji mengi kabla mizizi haijaanza kunywa. Panda jioni, fukia vifundo 3 au 4, maana viazi hutokea hapo, mwagilia.

Mimi nilikuwa nachomeka mabichi saa sita mchana halafu nalaumu udongo.

Lakini usiyasahau. Yakizidi siku 3 huanza kuwa njano na kuishiwa nguvu, na kitambaa kikichuruzika maji yataoza, kikamue kwanza. Kwenye tuta kavu pia hutapata kitu, vizizi vile vichanga vitakauka mara moja. Na kama umekata sehemu ya shinani, iliyokomaa na yenye vitundu vya fukusi, hata ukiilaza wiki nzima unapanda wadudu tu. Hiyo tupa, rudi kwenye ncha.