Mahamri saa moja, saa nne ushatafuta kashata? Panga sahani hivi

Watu wa Lamu, mahamri siwaambii muache, manake hata mimi siachi. Shida ni vipimo: mahamri matano, mbaazi vijiko viwili vya kuchovea tu, alafu chai ya sukari tele. Unga mweupe na sukari vinasagika chapchap, sukari ya damu inapanda kisha inateremka, ikifika saa nne uko mtaa wa Langoni waangaza nani auza kashata.

Geuza sahani. Mahamri mawili, mbaazi bakuli zima, na kama samaki wa jana amebaki mtie hapo pia, protini ndiyo inayoshibisha zaidi na nyuzinyuzi za mbaazi zinachelewesha chakula kusagika. Sukari ya chai punguza nusu kijiko nusu kijiko, ukikata yote leo kesho utarudi mbio.

Sasa gesi, manake najua mtauliza. Mbaazi zina aina ya sukari ambayo utumbo mdogo hauiwezi, yafika utumbo mpana bakteria wanaila, ndo tumbo linanguruma mbele ya wakwe. Loweka usiku kucha, yale maji mwaga usipikie, chemsha mpaka ukiiminya mbaazi kwa vidole inapondeka yote bila kiini kigumu, hapo ndo utie tui. Kama hujazoea ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na maji unywe, nyuzinyuzi nyingi bila maji choo kinakuwa kigumu.

Wali wa nazi mchana: anza na samaki na mchicha, wali ufuate, sukari ya damu haipandi kwa kasi ile. Tui likiwa zito sana chakula kinakaa tumboni muda mrefu, wenye kiungulia wanalijua hilo vizuri, na ukilala tu baada ya kula ndo balaa.

Viazi navyo vyasingiziwa bure kuwa havishibishi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula 38 kwa shibe, viazi vya kuchemsha vikaongoza, zaidi ya mara 3 ya mkate mweupe, samaki akafuata. Vya kuchemsha lakini, viazi karai visijitie humo.

Hamu ya tamu ikizidi alasiri, tende mbili na karanga. Ila mwenye kisukari anayetumia dawa asipunguze wanga kivyake, aongee na daktari kwanza, sukari yaweza kushuka ghafla.