Chumvi ya tangi la samaki wa baharini: kuchagua, kukoroga, kupima

Mtu wa Mombasa akianza kufuga samaki wa baharini, swali la kwanza huwa hili: bahari i papa hapa, chumvi ya kununua ya nini? Maji ya bahari yanafaa, ila si ya kila mahali. Ya Kilindini na Tudor hubeba mafuta na uchafu wa mji, na masika yakishika, mitaro humwaga maji ya mvua na matope mpaka uchumvi unashuka. Ukitaka kuchota, nenda upande wa bahari kuu, mbali na vijito, maji yakiwa yanajaa, baada ya siku kadhaa bila mvua. Kisha yapime vilevile kama ya kukoroga. Asiyeweza kubeba majerikani kila wiki, chumvi maalumu ya tangi ndiyo itakayomfaa.

Chumvi ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake, hata ile inayokaushwa Gongoni na Marereni kutoka bahari yetu hii hii. Maji yanapokauka kwenye mabwawa ya chumvi, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha hufuata chumvi tunayokula. Maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu na potasiamu, huondolewa. Kwa hiyo ukiiyeyusha tena hupati bahari. Unapata maji ya chumvi tu, na matumbawe hayaishi humo.

Dukani, soma vipimo kwenye ndoo kabla ya kuangalia bei. Tangi la samaki peke yao linaridhika na chumvi ya tangi ya aina ya kawaida. Lenye matumbawe lataka mchanganyiko ambao, ukishakorogwa kufikia uchumvi wa bahari, unatoa kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350, na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi, hupimwa kwa kipimo kiitwacho dKH) ya dKH 7 hadi 9. Zipo aina zinazofika dKH 11 au 12. Si mbaya, lakini ukizitia ghafla kwenye tangi lililozoea 7, ncha za matumbawe huungua zikawa nyeupe. Chumvi ya bei ya wastani usiyoibadilisha ni bora kuliko ghali unayoipata mwezi mmoja ukaikosa mwezi wa pili.

Angalia pia unyevu. Chumvi hii ina kloridi za magnesiamu na kalsiamu, ambazo hunyonya maji hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Itikise ndoo: unga mkavu hutiririka kama mchanga. Iliyoshikana mabonge imeshanyonya maji, kwa hiyo gramu unazopima nyingine ni maji, na huenda kalsiamu yake imeshaanza kuganda na haitayeyuka tena. Usinunue chumvi iliyofunguliwa ikauzwa kwa kipimo. Nyumbani, ifunge kwenye ndoo ya kifuniko kinachobana, na uibiringishe kabla ya kuchota, maana chembe nzito hushuka chini.

Maji ya kukorogea ndiyo yanayoharibu matangi mengi hapa. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima ni magumu, mengi yana chumvi yake, na kisima kilicho karibu na choo huleta naitreti inayolisha mwani. Ya mfereji yana klorini. Tumia maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO, yaani unaosukuma maji kwenye utando na kuacha madini na chumvi nyuma. Ukiyanunua duka la maji, waambie wakupe yasiyorudishiwa madini, na uende na kipima TDS chako, kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka majini: sifuri ni bora kabisa, ikivuka 20, tafuta duka jingine. Pesa ya chumvi ghali huwa imepotea ikiwa maji ni mabaya.

Ndoo ya lita 20 hukorogwa hivi. Tia maji kwanza, weka pampu ndogo iyazungushe, kisha pima gramu 720 kwa mzani wa jikoni, yaani gramu 36 kwa lita. Pakiti ikitaja kiasi kingine, fuata pakiti. Mimina kidogo kidogo kwa dakika kumi. Usianze na chumvi ukaimwagia maji: kule chini yatakuwa makali mno, kalsiamu na alkalini zitashikana, na ndoo itageuka nyeupe kama tui. Weupe usiotoka baada ya saa kadhaa ni chokaa iliyoganda, na maji hayo hayafai tangi la matumbawe. Joto huharakisha jambo hilo, kwa hiyo koroga asubuhi, kivulini. Kipasha joto hakihitajiki Mombasa.

Yakiwa maangavu, pima. Lengo ni 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi katika gramu elfu za maji hayo, sawa na uzito linganifu (uzito ukilinganishwa na maji matupu) wa 1.026 kwenye nyuzi 25. Haidromita, kipima uzito linganifu, ya mkono wa kuelea hudanganya ikishikwa na viputo. Gonga ukuta wake kwanza. Refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ni bora, ila usiisawazishe kwa maji matupu. Yeyusha gramu 36.5 za chumvi ya jikoni iliyo kavu katika gramu 963.5 za maji ya RO: lazima isome 35. Ukikuta ndoo ya lita 20 inasoma 33, ongeza gramu 40 hivi. Ikisoma 37, ongeza lita moja na kidogo ya maji ya RO. Koroga, ngoja, pima tena.

Tangini, maji yanayopungua kwa mvuke huacha chumvi yote nyuma. Kaskazi ya Januari na Februari tangi huweza kushuka kwa kasi, na anayejazia maji ya chumvi hupandisha uchumvi kila siku bila kujua. Chora mstari kwenye kioo maji yakiwa kamili, na kila asubuhi jazia maji ya RO matupu mpaka hapo.