Somo: Kununua SSD ya laptopu ya mtumba bila kupigwa, na kuitunza isikufie mkononi

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuniletea laptopu akisema, "Fundi, imekuwa nzito kama gogo." Naiwasha, nakaa. Taa ya diski inawaka bila kupumzika, kiduara kinazunguka, mwenye mashine ananiangalia usoni. Nikifungua nyuma nakuta hadi diski (hard disk) ya zamani, ile ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika, iliyokuja na mashine toka kiwandani. Prosesa haina shida, RAM haina shida. Kinachoivuta mashine miguu ni diski tu. Ndani yake kuna kichwa cha kusomea kinachohama huku na kule kama sindano ya santuri, na Windows inapowaka inaomba maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika. SSD, diski inayohifadhi kila kitu kwenye chipu, haina sindano. Kila kifaili kinachukuliwa pale kilipo, papo hapo.

Hapo wengi mnakubali. Shida inaanza mnapotoka mbio hadi dukani na swali moja: "SSD ya GB ngapi, shilingi ngapi?" Muuzaji naye anakujibu hivyohivyo ulivyouliza.

Hatua ya 1: Fungua mashine kabla hujafungua pochi

SSD za laptopu zina maumbo mawili makubwa. Ya kwanza ni ya inchi 2.5, inafanana kabisa na hadi diski uliyoizoea na inakaa palepale. Hii inatumia njia ya SATA. Ya pili ni M.2, kibao chembamba kisicho na kava. Ile ya kawaida ina upana wa mm 22 na urefu wa mm 80, ndiyo maana inaandikwa 2280. Zipo fupi pia, za mm 42 na mm 30, kwa hiyo usidhani kila M.2 itaenea.

Mtego uko kwenye M.2. Ndani ya umbo hilohilo kuna diski za SATA na kuna za NVMe, njia nyingine yenye kasi zaidi, na ukiziweka mezani ni kama mapacha. Nyingi za SATA zina mapengo mawili kwenye meno yake, nyingi za NVMe zina pengo moja. Nimesema nyingi. Soma lebo. Ukichomeka NVMe kwenye soketi inayojua SATA peke yake, mashine haitaiona, na hapo ndipo watu wanarudi dukani kugombana na muuzaji asiye na kosa.

Dell Latitude E6430 na mashine za rika lake, nunua ya inchi 2.5 na usihangaike. HP EliteBook 840 G3 ina nafasi zote mbili, M.2 na inchi 2.5, kwa hiyo unaweza kuweka SSD ya Windows na bado ukabaki na hadi diski ya mafaili. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina soketi ya Apple wenyewe, M.2 ya dukani haiingii bila adapta. Na vile vilaptopu vya bei ya chini vilivyoandikwa eMMC, hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi kuu. Vingi havina hata soketi ya kuongezea, kwa hiyo fungua uone kwanza.

Kuhusu kasi: SATA inakomea kama MB 550 kwa sekunde. NVMe ya kizazi cha 3 inafika MB 3,500, cha 4 inafika kama MB 7,000. Namba tamu, lakini kwa mtu wa Word, Excel na kivinjari, ukitoka hadi diski kwenda SATA utaona mbingu na ardhi. Ukitoka SATA kwenda NVMe utaona namba kwenye programu ya kupimia. Wahariri wa video ndio watakaonibishia, na wana haki.

Hatua ya 2: Ukubwa, na ile namba ya TBW

GB 120 achana nazo. Windows na masasisho yake inakula sehemu kubwa, unabaki unabana mafaili kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Anzia 240. Mfuko ukiruhusu, 480 au 500.

Ukubwa una faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Kila SSD ina kikomo cha kuandikiwa kinachoitwa TBW, yaani jumla ya terabaiti ambazo kiwanda kinakubali uandike ndani ya garantii. Kingston A400 ya GB 120 ni TB 40, ya 240 ni TB 80, ya 480 ni TB 160. Umeona inavyopanda? Samsung 870 EVO ya GB 500 ni TB 300, na tofauti ya bei unaijua.

Msiogope lakini. Chukua hiyo ya TB 80 na uandike GB 20 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu: siku 4,000, karibu miaka 11. Laptopu yenyewe itakuwa imekufa bawaba. SSD zinazoletwa kwangu zimekufa, hakuna hata moja niliyoikuta imefika kikomo chake. Zinakufa kwa mambo mengine, nitayafikia.

Utasikia pia TLC na QLC. TLC inahifadhi biti 3 kwenye kila seli, QLC biti 4. Ya pili ni rahisi kwa bei, inachoka mapema na inazubaa ukiinakilia kitu kikubwa kwa mkupuo. Kwa kazi za ofisi haina neno. Kwa anayemwaga video kila siku, TLC.

Hatua ya 3: Feki

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna mpiga video wa harusi aliniletea SSD ya nje ya "TB 2", aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Alikuwa ameweka harusi tatu. Ya kwanza ilifunguka. Mbili zilizofuata, majina ya mafaili yapo, ukubwa upo, video haichezi. Nikapitisha wembe kwenye ukingo wa kava, likaachia. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha saketi chenye upana wa kidole gumba, memori kadi ya simu ya GB 64 imechomekwa juu yake na kumwagiwa gundi ya moto, na pembeni kipande cha chuma kilichobandikwa. Jamaa akakishika kile chuma, akauliza, "Na hiki cha nini?" Nikamwambia cha uzito, ili ukiishika mkononi uone umepata mali.

Ujanja wake uko kwenye kontrola, chipu inayoiongoza diski. Imefundishwa kuiambia kompyuta "mimi ni TB 2". Unaandika, inaitikia. Ikijaa kweli inaendelea kuitikia vilevile huku ikimwaga data hewani. Hakuna programu duniani itakayorudisha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa, na jamaa ilibidi nimwambie hivyo hivyo.

Kwa hiyo, siku ileile ya kununua, kabla garantii ya dukani haijaisha:

Ichomeke na uendeshe programu ya kupimia, H2testw kama uko Windows, au F3 kama uko Linux au Mac. Inaijaza diski yote kisha inasoma kila ilichoandika. Inachukua saa kadhaa, iache ifanye kazi ulale. Usiogope kuichosha: kuijaza ya GB 240 mara moja ni tone kwenye TB 80.

Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, angalia saa ilizowaka na jumla ya data iliyoandikwa. "Mpya" yenye saa 9,000 imetoka kwenye mashine ya mtu. Wajanja hufuta namba hizo, kwa hiyo ingiza na serial namba iliyo kwenye lebo katika tovuti ya mtengenezaji uone kama wanaitambua.

Hatua ya 4: Kuifunga

Zima, chomoa chaja, na kama mashine inaruhusu toa betri au chomoa waya wake. Gusa chuma chochote kuondoa umeme tuli mwilini. M.2 inaingia ikiwa imelala kwa mshazari, kisha unaikandamiza na kuifunga skrubu. Skrubu ile ni ndogo kama mbegu ya ufuta, weka karatasi nyeupe chini.

Kuhamisha Windows nzima kama ilivyo, Clonezilla inaweza na ni ya bure. Mimi napenda kuingiza upya, maana mashine nzito huwa imebeba na takataka za miaka. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) hakikisha hali ya SATA ni AHCI kabla hujaingiza Windows. Ukibadilisha baada ya kuingiza, inaweza kugoma kuwaka.

Hatua ya 5: Kuitunza

Usiijaze. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi. Sababu ni hii: SSD haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Inaandika ukurasa mmojammoja, lakini kufuta inafuta bloku nzima. Chukulia nyumba za kupanga. Mpangaji mmoja anaingia chumba kimoja, ila sheria inasema rangi inapakwa nyumba nzima, kwa hiyo wapangaji wote wenye uhai inabidi wahamishiwe nyumba nyingine kwanza. Mtaa ukiwa na nyumba tupu, uhamisho ni rahisi. Mtaa ukijaa, kila faili dogo unaloweka linahamisha watu kumi. Diski inazubaa, na inachakaa kwa kazi ambayo hukuituma.

TRIM ndiyo inayoiambia diski chumba kipi hakina mwenyewe tena. Windows 7 na kuendelea inayo. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Ikijibu 0, inafanya kazi. Na zile programu za watu wengine za "kupanga diski" zitoeni, SSD haina sindano ya kuikimbiza.

Ukiwa na RAM ya GB 4 na vichupo thelathini vya kivinjari, Windows inageuza SSD kuwa RAM ya bandia na kuandika mchana kutwa. Ongeza RAM. NVMe nayo usiikaangie kitandani juu ya blanketi. Ikipanda nyuzi 70 na kitu inajipunguzia kasi yenyewe.

Na weka nakala ya mafaili yako mahali pengine. Hadi diski inayokaribia kufa mara nyingi hulia, inagongagonga, inakupa muda wa kujiandaa. SSD nyingi zinakufa kimyakimya: jana ipo, leo BIOS inasema hakuna diski.

Karibuni kwa maswali.

---

Swali (mdau wa Mwanza): Mkuu, nimenunua ya GB 500, Windows inaniambia 465. Ndiyo nimepigwa tayari?

Hapana, kaka. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Ya 240 itaonyesha 223, ya TB 1 itaonyesha 931. Ukikuta imetimia 500 kamili ndani ya Windows, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Swali (mdau wa Tabora): Afya ilikuwa 100, baada ya miaka miwili ni 91. Nibadilishe?

Kwa mwendo huo una miaka mingi mbele. Usiangalie asilimia peke yake. Angalia kama makosa ya kusoma yanaongezeka. Kwenye SATA, namba ya C7 (hesabu ya makosa ya mawasiliano, ipo CrystalDiskInfo) ikipanda, shuku waya au soketi kabla ya kuilaumu diski.

Swali (dada wa Moshi): Fundi samahani, nimefuta folda ya picha za mtoto kwenye SSD jana jioni, nikamwaga na kapu. Zinarudi?

Pole sana dada. Kwenye hadi diski ningekwambia njoo. Kwenye SSD yenye TRIM, vile vyumba husafishwa mapema mno, mara nyingi ndani ya dakika. Zima mashine, usiitumie, ila nisikupe matumaini ya uongo. Angalia Google Photos na WhatsApp ya yeyote uliyewahi kumtumia. Picha za watoto bibi huwa nazo.

Swali (mdau wa Unguja): Naweza kuweka nakala za familia kwenye SSD niifungie kabatini?

Kwa kabati chukua hadi diski. SSD inatunza data kwa chaji ya umeme iliyonaswa kwenye seli, na chaji inavuja taratibu, kwa kasi zaidi kwenye joto. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa diski za nyumbani ni kukaa na data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30, ikiwa imeshafika kikomo cha uchakavu. Mpya inavumilia zaidi ya hapo, lakini joto la kabati la Unguja mnalijua wenyewe.

Swali (mdau wa Dar): Natumia desktopu, umeme ulikatika nikiwa kazini, kuwasha tena SSD haionekani hata BIOS. Imekwenda?

Labda bado. Diski ina ramani yake ya ndani ya kujua kipi kiko wapi, na umeme ukikatika katikati ya kuiandika, ramani inavurugika. Za bei ya chini hazina kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo, za kuipa sekunde ya kumalizia. Jaribu hivi: chomoa waya wa data, acha wa umeme peke yake, washa mashine iache dakika 30 bila kugusa. Zima, subiri nusu dakika, rudia mara nyingine. Kisha rudisha waya wa data. Wakati mwingine inajipanga upya na kuonekana. Ikionekana, usifungue hata barua pepe. Nakili mafaili yote kwanza, halafu kanunue UPS.