Jinsi ya kupima presha nyumbani na kuanzia hapo kwenda kwenye matibabu

Wengi wanaonijia na hofu ya presha wamepimwa mara moja tu, tena wakiwa wametoka kutembea kwa haraka. Kipimo kimoja cha namna hiyo kwa kawaida hakitoshi kumwanzishia mtu dawa za miaka, wala kumwambia yuko salama. Pima hivi.

Hatua ya 1: Mashine. Chukua yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Mkanda ulingane na mkono wako. Mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, husomeka ana presha kubwa kuliko aliyo nayo.

Hatua ya 2: Tulia. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, usikunje nne. Funga mkanda kwenye ngozi, si juu ya nguo, na mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda. Usizungumze mashine ikijaza upepo, hata kumjibu anayekuuliza unaendeleaje.

Hatua ya 3: Rudia. Pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya kumeza dawa na tena jioni, kwa siku 7. Andika kila namba, hata ile usiyoipenda. Za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani.

Hatua ya 4: Soma. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni pale unapolegea kati ya pigo na pigo. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, peleka daftari kwa daktari. Ukiona 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, macho kuona ukungu au mdomo kwenda upande, usisubiri kesho: hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Tibu. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Ukiandikiwa dawa, zimeze hata ukijisikia mzima. Hapa ndipo panaponiuma: mtu anameza mwezi mmoja, presha inashuka, anaacha akidhani amepona. Imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, presha hurudi bila kupiga hodi, na mara nyingine dalili ya kwanza ni kiharusi. Kati ya dawa hizo za presha, amlodipini ikikuvimbisha miguu, au enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu, rudi ubadilishiwe. Mwambie daktari pia kama unatumia dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, maana huweza kupandisha presha. Na kama una mimba au unaitafuta, sema mapema, kwa sababu enalaprili na losartani humdhuru mtoto tumboni na zipo dawa nyingine za presha zinazokufaa.