Somo: Kufinyanga, kumimina na kupanga visanamu vya jasi

Wadau, salaam. Somo hili linahusu kisanamu chenye kimo cha sentimita 12 hivi: kukifinyanga kwa udongo, kukitolea kalibu ya silikoni (umbo lenye uwazi la kumiminia nakala), kumimina nakala za jasi na kuzipanga zitazamike. Mfano nitakaoutumia ni mama muuza maandazi aliyeketi kwenye kigoda, ndoo yenye mfuniko kaipakata magotini. Anapendeza, ni kweli, lakini sikumchagua kwa hilo. Nimemchagua kwa sababu anatoka vizuri kwenye kalibu. Anayefinyanga ili aje kumimina lazima awaze kalibu kabla hajagusa udongo, na karibu kila swali ninaloulizwa kuhusu nakala zilizovunjika jibu lake liko hapo.

Hatua ya 1: Mkao

Mchongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, anabanwa na gogo lake la mpingo. Mkono wa kinyago hauwezi kwenda mahali ambapo hakuna mti. Sisi wa udongo hatuna gogo, tunanyoosha mikono popote tunapotaka, na uhuru huo ndio unaotuponza. Mkono mwembamba ulionyooshwa hewani utavunjika siku ya kutoa nakala, na kabla ya kuvunjika utakuwa umeshikilia kiputo cha hewa kwenye vidole. Kwa hiyo mpe mtu wako sababu ya kukusanya viungo. Mama wetu ameweka mikono juu ya ndoo, viwiko vimegusa mapaja, kanga imeziba nafasi kati ya miguu na kigoda. Hakuna kilichoning'inia peke yake.

Chora mkao kutoka mbele, ubavuni na nyuma, kwa ukubwa uleule wa kisanamu. Mchoro wa nyuma ndio wanaouruka wengi, na ndiyo maana visanamu vingi vina mgongo wa gunia.

Hatua ya 2: Mifupa na udongo

Tumia waya laini wa kufungia nondo, ukunje mara mbili na kuusokota ili udongo upate pa kushika. Upigilie kwenye kipande cha ubao. Kwa mtu aliyeketi huhitaji waya wa mikono; uti wa mgongo na shingo vinatosha.

Udongo wa mfinyanzi ununue kwa kina mama wanaofinyanga vyungu, ukande hadi hewa itoke. Anza na mafungu makubwa: kiuno, kifua, kichwa, ndoo. Usiguse uso mpaka mtu wako akiwekwa mbali, upande wa pili wa chumba, aonekane ameketi na ana uzito. Ukiacha kazi, ufunge kisanamu kwa kitambaa chenye unyevu na mfuko wa plastiki juu yake.

Hatua ya 3: Uso na nguo

Kichwa cha kisanamu hiki kina sentimita 2 tu. Kope hazina nafasi hapo, wala usizitafute. Kinachofanya uso uonekane ni kivuli, kwa hiyo chimba matundu ya macho kwa kina kuliko yalivyo kwa binadamu, kisha weka kigololi kidogo cha udongo ndani na ukibane kwa ncha ya kijiti. Chini ya pua na chini ya mdomo wa chini, fanya vivyo hivyo. Ukimulika tochi kutoka juu utaona uso umeamka.

Mikunjo ya kanga inaanzia mahali nguo ilipovutwa. Kwa mama aliyeketi, nguo inavutwa magotini na kiunoni, basi mikunjo itoke huko na ipotee katikati ya paja. Mikunjo iliyotawanywa kila mahali inaua umbo. Maua ya kanga usiyachonge. Yatapakwa kwa rangi baadaye.

Hatua ya 4: Kalibu

Silikoni maalumu ya kalibu ni ghali na haipatikani kila mji. Ile ya mafundi vioo na aluminiamu inafanya kazi, ilimradi iwe inayonuka siki. Tyubu moja ya mililita 300 karibu inatosha. Uwe na ya pili ya akiba. Fanyia kazi hii nje au dirishani, maana harufu yake inawasha macho na koo.

Paka udongo mafuta ya mgando kidogo sana kwa brashi laini. Mafuta yakijaa kwenye mikunjo, nakala zako zote zitatoka na mikunjo iliyozibwa.

Tabaka la kwanza ni silikoni tupu. Kamua kidogo, ilaze kwa brashi iliyochovywa kwenye maji yenye sabuni ya maji ili isikushike, uisukume ndani ya macho, masikio na chini ya mikono. Iache ishike.

Tabaka la pili, changanya silikoni na wanga wa mahindi kwa kiasi sawa. Nasema wanga, ule mweupe laini wa kuungia mchuzi, si sembe. Wanga unabeba unyevu, na unyevu ndio unaoigandisha silikoni hii; bila wanga, tabaka nene litaganda juu na kubaki laini ndani kwa siku nyingi. Vaa glavu, zilowanishe kwa maji ya sabuni, ukande kama chapati, kisha ubandike haraka kuzunguka kisanamu hadi unene wa karibu sentimita moja. Una dakika chache tu. Ziba mabonde makubwa, hasa chini ya kidevu na kati ya ndoo na tumbo, ili ganda la nje liweze kutoka bila kung'ang'ania.

Silikoni inanyumbuka, kwa hiyo inahitaji ganda gumu la kuishikilia. Litengeneze kwa jasi, vipande viwili: mbele na nyuma. Zungushia ukuta wa udongo ubavuni, mimina au bandika jasi upande mmoja, chimba vishimo viwili vitatu pembeni ili vipande vijue pa kukutana, paka mafuta ya mgando ukingoni, kisha fanya upande wa pili.

Vikiisha kukauka, toa ganda, chana silikoni kwa wembe kutoka chini hadi kisogoni. Chana kwa kupindapinda, usinyooshe, ili kingo zirudiane zenyewe. Toa udongo. Utaharibika, ndio mwisho wake.

Hatua ya 5: Kumimina

Jasi inayouzwa kama unga imeokwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi ikapoteza robo tatu ya maji yaliyokuwa ndani ya madini. Ukiirudishia maji inageuka jiwe tena na kutoa joto. Tanzania inachimbwa Makanya, Same, na Itigi, Singida, ingawa nyingi ya huko inaishia kwenye saruji. Dukani omba jasi ya kumiminia, wengine huiita POP. Usichukue unga wa kuzibia maungio ya dari. Huo umetengenezwa uchelewe kushika na unabaki laini, ukucha unauchimba.

Kupima ni hivi. Jaza kalibu maji, yamimine kwenye kikombe cha vipimo, usome mililita. Unga uwe gramu sawa na hesabu hiyo, maji yawe theluthi mbili yake. Kalibu ya mililita 150 inataka unga gramu 150 na maji gramu 100. Kausha kalibu kabla ya kuendelea.

Unga ndio unaoingia kwenye maji. Ukifanya kinyume utapata madonge. Unyunyize polepole, uache ulowe dakika mbili bila kuugusa, kisha koroga taratibu ukiuweka mwiko chini muda wote. Kukoroga kwa fujo ni kuingiza hewa.

Geuza kalibu kichwa chini, umeibana ndani ya ganda kwa mipira ya baiskeli. Mimina kidogo kwanza, inamisha huku na huku mpaka uso na vidole vimelowa, kisha rudisha ujiuji kikombeni. Ndipo ujaze kwa mkondo mwembamba, ukigonga ganda kwa vidole. Viputo vitapanda. Ikianza kuwa nzito kama maziwa mgando, acha kugonga.

Itapata joto, halafu itapoa. Usitoe kabla haijapoa. Mabaki usiyamwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba. Vaa barakoa unapopima unga, na kamwe usizamishe mkono kwenye jasi inayoganda: ikiwa nyingi, joto lake linaunguza.

Hatua ya 6: Kusafisha na rangi

Mshono ukwangue kwa kisu jasi ikiwa bado na unyevu, kisha msasa laini. Tundu dogo la kiputo lizibe kwa jasi nyepesi baada ya kulilowanisha.

Kujua kama imekauka, iweke shavuni. Ikiwa ya baridi, bado ina maji, hata kama nje ni kavu. Dar wakati wa masika itachukua wiki.

Rangi za akriliki zinafaa. Mimi napenda zaidi dawa ya viatu ya kahawia juu ya vanishi nyembamba: unapaka, unasubiri, unafuta kwa kitambaa. Inabaki kwenye mikunjo na macho, inatoka kwenye magoti na mabega, na vivuli ulivyovichimba mwanzo vinarudi.

Maswali ya wanachama

*Mwanza: Fundi, kwa nini tusichome huo udongo wenyewe tukaachana na kalibu? Mimi nilijaribu, ukapasuka.*

Ulikuwa na waya ndani, sivyo? Udongo ukikauka unasinyaa, waya hausinyai, kwa hiyo udongo unapasuka ukiuzunguka. Cha kuchomwa kifinyange bila waya, kata vipande kikiwa kigumu kiasi, komba ndani kiwe na uwazi, unganisha tena, acha tundu chini la kupitishia hewa. Ni kazi nzuri, lakini unapata kimoja tu.

*Mombasa: Kaka, huku kwetu chumvi na unyevu wa bahari vyamaliza kila kitu. Jasi itadumu kweli?*

Ndani ya nyumba itadumu ukiipaka vanishi pande zote, hadi chini ya kitako. Nje, hapana. Kwa nje tumia rezini ileile ya mafundi wa boti za faiba. Kalibu hii inaivumilia. Fuata kipimo cha kigandishi kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2. Ukizidisha kwenye kipande kinene itachemka na kupasuka. Vaa miwani ya kazi: tone moja la kigandishi hicho jichoni linaweza kukuachia upofu. Na mvuke wake si wa kuvumilia chumbani.

*Lubumbashi: Mwalimu, huku shaba ndio mali yetu. Tunaweza kusubu hao watu wadogo kwa shaba?*

Mnaweza kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa, na nyinyi ndio wenye historia yake. Misalaba ya shaba iliyosubiwa Katanga ilikuwa fedha kabla ya wakoloni, na imefukuliwa kwenye makaburi ya kale ya Sanga, Ziwa Kisale. Badala ya jasi, mimina nta ya nyuki kwenye kalibu hii. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu. Funika nta kwa udongo uliochanganywa na makaa yaliyosagwa, ichome nta itoke, kisha ujaze metali. Waasante wa Ghana walisubu hivyo vijiwe vya mizani vya kupimia unga wa dhahabu: ndege, mamba, watu wanaoshikana mikono, vingi havizidi urefu wa kidole.

Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1085 na ni nzito kuimimina. Shaba nyeupe ya mabomba ya zamani inatiririka vizuri zaidi, kwenye nyuzi 900 na ushee. Ina zinki, ikizidi moto inatoa moshi mweupe unaoleta homa, basi kaa upande upepo unakotoka. Kwa kukadiria, metali itakuwa na uzito wa mara tisa wa nta. Udongo uwe umeokwa hadi unyevu wote umekwisha. Maji yakikutana na metali iliyoyeyuka yanageuka mvuke kwa kishindo na kuirusha usoni. Usijifunze hili peke yako. Tafuta msubu uwe msaidizi wake kwanza.

*Nairobi: Nilitumia silikoni ya dukani na cornflour vile umesema, siku tatu bado inanata. Shida ni gani?*

Inanuka siki? Kama hainuki, umeuziwa ile isiyo na asidi, ambayo kwenye kazi hii inachelewa mno. Itupe, osha kisanamu. Dukani usibabaike na jina la kampuni. Soma ubavuni mwa tyubu kama imeandikwa ni ya asidi, au mwombe muuzaji tone moja kidoleni.

*Nairobi tena: Na nakala ngapi ni halali kuuza?*

Hilo ni baina yako na mnunuzi, ila mwambie ukweli. Amua idadi kabla ya kuuza ya kwanza, andika chini ya kitako, mfano 3/20, na ukifika 20 kata kalibu. Ufaransa, sanamu ya shaba huhesabiwa kazi halisi ya msanii hadi nakala 12 tu. Jasi haina sheria hiyo kwetu, lakini kingo za kalibu nazo huchoka: ukiona pua inaanza kulegea, idadi imeisha yenyewe.

*Arusha: Shikamoo mwalimu. Vyangu nimevipanga kabatini, watu wanasema ni midoli. Nifanyeje?*

Marahaba. Vitoe kabatini, na upunguze. Vikiwa kumi vimesongamana, jicho linaona duka. Chukua kimoja, kiweke juu ya kipande kizito cha mninga ambacho hakijapakwa rangi, kipana kuliko unavyodhani kinahitajika. Alberto Giacometti, yule Mswisi, katika miaka ya 1940 aliweka watu wadogo sana juu ya vitako vikubwa, na nafasi tupu inayowazunguka ndiyo inayowafanya waonekane wako mbali badala ya kuwa wadogo.

Uso wa kisanamu uwe sawa na macho ya mtazamaji aliyesimama, yaani mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni. Ukikiweka mezani watu wataona utosi tu. Taa iwe moja, itoke juu kidogo na ubavuni; taa ya mbele inafuta vivuli vyote. Ukiwa na viwili, viangaliane au kimoja kimpe mwenzake mgongo, na usivipange mstari. Mama wa maandazi mimi humweka peke yake pembeni kabisa mwa ubao, akitazama upande mtupu ambako mteja angetokea. Vumbi likikusumbua, fundi vioo yuleyule aliyekuuzia silikoni atakukatia sanduku la kioo. Mwambie aache nafasi ya kiganja kizima juu ya kichwa.