Jinsi ya Kupima na Kupanga Madaraja ya Ulemavu wa Kuona

Cheti kinachosema tu kwamba mtu "haoni vizuri" hakimfai anayekipokea, awe mwalimu, daktari au ofisa wa ustawi wa jamii. Anachohitaji kujua ni kiasi anachoona mhusika kwa kila jicho, na kama alipimwa akiwa na miwani au bila miwani. Mtu mmoja anaweza kuandikwa asubuhi kuwa ana upungufu wa kati, na alasiri akaonekana hana upungufu wowote, ilhali macho yake ni yaleyale: mpimaji wa pili alimwachia miwani yake, wa kwanza alimvua. Ndiyo maana daraja lolote lisiloambatana na maelezo ya namna lilivyopatikana ni la kutiliwa shaka.

Anza na chati. Inayotumika zaidi ni ile ya Herman Snellen, daktari wa macho Mholanzi aliyeitoa mwaka 1862, na kwa asiyejua kusoma iko chati ya herufi E inayogeuzwa pande nne, naye huonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Mpimwaji hukaa mita 6 kutoka kwenye chati. Matokeo huandikwa kama sehemu: namba ya juu ni umbali aliokaa, na ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho ya kawaida angeweza kuusoma mstari huohuo. Aliyepata 6/60, basi, anasoma akiwa mita 6 kile ambacho mwenzake angekisoma akiwa mita 60. Kama chati umeichapisha mwenyewe, chukua rula kabla ya kumwita mtu: herufi ya mstari wa 6/60 iwe na urefu wa takriban milimita 87, na ya 6/6 iwe karibu milimita 9. Mashine za kuchapishia hupunguza ukurasa kimyakimya, na kosa hilo huhamia kwenye matokeo ya kila utakayempima.

Pima jicho moja moja, kwa kawaida la kulia kwanza, mpimwaji akiwa amevaa miwani yake ya kuonea mbali kama anayo. Jicho lingine lifunikwe kwa kiganja, tena bila kulikandamiza. Usikubali lifunikwe kwa vidole, maana vidole huacha mwanya, na mtoto anayetaka kufaulu atauona mwanya huo kabla yako. Mtazame yeye zaidi kuliko chati: anayeinamisha kichwa au kukunja kope anajitafutia msaada ambao hutaki kuupima. Andika mstari mdogo kabisa ambao ameweza kusoma zaidi ya nusu ya herufi zake.

Asipoiona hata herufi kubwa ya juu, usikimbilie kuandika "kipofu". Msogeze hadi mita 3. Akiiona hapo, ana 3/60. Asipoiona, msogeze hadi mita 1, yaani 1/60. Baada ya hapo mwulize idadi ya vidole unavyomwonyesha, kisha kama anauona mkono ukipungwa mbele yake, na mwisho kama anautambua mwanga wa tochi ukiwashwa na kuzimwa. Hatua hizi wapimaji wengi huziruka, nami naona ni hasara kubwa, kwa sababu kuutambua mwanga na kuwa gizani kabisa ni hali mbili zilizo mbali sana kwa anayejifunza kutembea peke yake.

Jicho lolote lililo chini ya 6/12 lipimwe tena kupitia kitundu kidogo, chenye upana wa milimita 1 hivi, kilichotobolewa kwenye kadi nyeusi. Likiona vizuri zaidi, huenda tatizo ni la miwani. Lisipopata nafuu, fikiria mtoto wa jicho, ugonjwa wa retina au wa mshipa wa fahamu wa jicho, na umpeleke mhusika kwa daktari.

Sasa panga daraja. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, hutazamwa jicho lenye nafuu kati ya mawili. Likisoma 6/12 au zaidi, hakuna upungufu wa kuona mbali. Chini ya 6/12 hadi 6/18 ni upungufu mdogo. Chini ya 6/18 hadi 6/60 ni wa kati. Chini ya 6/60 hadi 3/60 ni mkubwa. Na chini ya 3/60 ni upofu, ambao nao umegawanywa kuanzia anayefikia 1/60 hadi asiyetambua hata mwanga. Andika jina la daraja badala ya namba yake peke yake, kwa kuwa upungufu wa kati ulikuwa namba 1 katika toleo la 10 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, na katika toleo la 11 namba hiyo imekwenda kwa upungufu mdogo. Uoni wa karibu una kipimo chake: ni pungufu iwapo mtu, akiwa na miwani aliyo nayo, hawezi kusoma maandishi ya ukubwa wa N6, yaani herufi ndogo za pointi 6, kwa umbali wa sentimita 40.

Chati peke yake hudanganya palipo na ugonjwa unaokula pembezoni mwa uoni, kama glakoma. Mgonjwa wa namna hii anaweza kusoma 6/9 bila kusita, kisha akainuka na kujigonga kwenye kiti kilichokuwa kando yake muda wote. Kaeni mkitazamana, akutazame puani, nawe usogeze kidole kutoka ukingoni kuja katikati hadi aseme amekiona. Hilo ni la kukutia shaka tu. Vipimo vya nyuzi (digrii) hutolewa na mashine ya kupimia uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huliona likiwa limetulia. Ikiwa uwanja wa jicho lenye nafuu hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati, mtu huyo huhesabiwa kuwa kipofu hata kama makali ya jicho hayajapungua. Zingatia kwamba hizo ni nyuzi za nusu kipenyo. Katika michezo ya wasioona, yenye madaraja ya B1, B2 na B3, huhesabiwa kipenyo kizima, na jicho hupimwa likiwa na miwani bora inayowezekana, kwa hiyo cheti cha hospitali hakihamishiki huko moja kwa moja.

Tuseme umeandika hivi: "Kulia 6/60, kushoto 3/60, kwa miwani yake; kwa kitundu, kulia 6/18, kushoto hakuna nafuu; uwanja haujapimwa kwa mashine." Kwa hali aliyokuja nayo, mtu huyu yuko katika upungufu wa kati, kwa kuwa 6/60 yenyewe bado imo ndani ya daraja hilo. Akipata miwani inayomfaa huenda akapanda hadi upungufu mdogo, kwa hiyo daraja lake liandikwe kuwa la muda, pamoja na tarehe ya kumpima upya.